Vifaa vya usalama kwa mwendesha baiskeli wa Mbeya mjini: anza na breki

Ukitaja usalama wa baiskeli, watu wengi wanawaza helmeti. Helmeti nitaifikia, na sitakuambia uiache. Lakini Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, imeegemea Mlima Loleza, na ni safari chache sana hapa zisizo na mteremko. Kwa mji wa namna hii kifaa cha kwanza cha kutolea hela ni breki. Cha pili ni kile kitakachomfanya dereva akuone. Kichwa kinafuata, na vingine vyote baadaye. Nimeupanga mwongozo huu hivyo makusudi, kwa ajili ya mtu ambaye mfuko wake haumruhusu kununua kila kitu mwezi mmoja.

Jambo la kukumbuka ni barabara tuliyo nayo. Barabara kuu ya TANZAM (ya Tanzania na Zambia) inapita katikati ya mji: Uyole, Sae, Ilomba, Soweto, Kabwe, Mwanjelwa, Mafiati, kisha Nzovwe, Iyunga na Iwambi hadi Mbalizi. Malori yanayokwenda Tunduma na kuvuka Zambia yanapita humo humo wanamopita daladala, bajaji, bodaboda, mama mwenye beseni la ndizi na wewe mwenye baiskeli. Dereva anayekwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi ya watu, anakula karibu mita 14 kila sekunde. Akikuona ukiwa mita 30 mbele yake, ana sekunde mbili tu.

Kuhusu kile kinachotakiwa, Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usafiri wa barabarani unataja vitu vichache kwa baiskeli inayovuka mipaka ya nchi: breki inayofanya kazi, kengele inayosikika, kiakisi mwanga chekundu nyuma, na uwezo wa kuwasha taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Helmeti haimo. Nadhani walioandika orodha ile walijua kwamba ajali nafuu ni ile isiyotokea. Ichukue kama kiwango cha chini kabisa, kisha tuongeze yanayodaiwa na milima yetu.

Hatua ya kwanza: breki mbili, zote hai

Kuna baiskeli nyingi mjini zenye breki moja, au zisizo na breki kabisa, na mwenyewe anasimama kwa kukandamiza tairi kwa soli ya ndala. Hiyo inawezekana kule shambani kwenye tambarare. Ukishuka kutoka Uhindini kwenda Mafiati siku ya mvua, ndala itakuacha.

Zipime hivi kabla hujaenda kwa fundi. Shuka, simama pembeni ya baiskeli, kamata breki ya mbele kwa nguvu na usukume baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linatakiwa kuinuka kidogo. Likibaki chini na la mbele likaendelea kuzunguka, breki hiyo ni pambo. Kisha kamata ya nyuma na usukume tena: tairi liburuzike, lisizunguke. Mwisho tazama mkono wa breki ukiwa umekamatwa kabisa. Ukigusa usukani, waya umelegea au raba zimekwisha.

Baiskeli za Phoenix na za aina yake zinatumia fito za chuma badala ya waya, na raba zake zinavutwa juu kubana upande wa ndani wa rimu. Faida yake ni kwamba hazikatiki ovyo. Ubaya ni kwamba zina maungio mengi, na kila ungio lina nati inayolegea taratibu kwa mitikisiko ya barabara za mawe. Mwombe fundi akaze nati zote, si ile tu iliyokupeleka kwake. Zenye waya, uangalie waya mahali unapoingia kwenye mkono wa breki. Ukiona uzi hata mmoja umechomoka, badilisha waya wote, kwa sababu utakatika siku utakapoukamata kwa nguvu zako zote, na siku hiyo ndiyo utakuwa unauhitaji. Raba ziguse rimu peke yake. Zikipanda kwenye tairi zitalitoboa, zikishuka chini ya rimu zitaingia kwenye spoku.

Baiskeli za mitumba zina mambo yake. Zile za kutoka Uholanzi au Ujerumani mara nyingi breki ya nyuma imo ndani ya kitovu cha gurudumu, unaifunga kwa kurudisha pedeli nyuma. Ni nzuri sana kwa mvua kwa sababu maji hayaifikii, ila mnyororo ukichomoka huna breki tena. Kwa hiyo usikubali kuuziwa ya namna hiyo bila breki ya mkono mbele. Halafu jua mkono upi unafunga gurudumu lipi, maana baiskeli hazifanani. Anayedhani anakamata ya nyuma kumbe ni ya mbele, kwenye kokoto, anapaa juu ya usukani.

Rimu nazo zina tofauti. Za chuma kinachong'aa zikilowa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko, na za aluminiamu zina nafuu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mwenye rimu za chuma azizoee: gusa breki kidogo kidogo kabla hujafika mahali pa kusimama ili raba zifute maji, ndipo ukamate kwa nguvu. Kwenye kavu, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mtu mwenye breki nzima anahitaji kama mita 10 au 11 kusimama, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka. Kwa kilomita 30 inakuwa karibu mita 20. Kwenye mvua ongeza mara mbili na usibishane.

Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi nautaja peke yake. Pale malori yamewahi kukatika breki na watu wamekufa. Raba za baiskeli zikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu zinapasha rimu moto, na rimu ya moto inaweza kupasua tyubu. Ukilazimika kupita, bana na kuachia kwa zamu, ya nyuma na ya mbele, na uanze kupunguza mwendo kabla mteremko haujakolea. Mimi nashuka na kukokota nje kabisa ya lami. Wenzetu wa Iringa wanaopanda na kushuka kati ya Ipogolo na mjini wanaijua habari hii hii.

Na kupanda nako: kudandia nyuma ya lori ili likuvute mlimani hakuna kifaa kinachokulinda nacho.

Hatua ya pili: uonekane, asubuhi kuliko usiku

Watu wa Dar wakija huku Julai hushangaa saa 12 asubuhi bado ni giza. Sababu ni rahisi: saa ya nchi ni moja, lakini Mbeya iko magharibi, hivyo jua letu linachelewa kuchomoza kwa zaidi ya dakika 20 kulinganisha na la Pwani. Katikati ya mwaka linatoka karibu saa moja asubuhi. Ongeza ukungu wa asubuhi wa upande wa Uyole na Igawilo, na utaelewa kwa nini mwanafunzi wa sekondari au kibarua anayewahi sokoni anahitaji taa kuliko mlevi anayerudi saa nne usiku. Mlevi barabara anayo peke yake. Wa asubuhi yuko na mabasi ya kwenda Dar.

Ukiwa na hela ya taa moja tu, nunua ya nyuma, nyekundu. Kwa mbele wewe unaona kinachokuja. Nyuma huna macho. Taa ndogo za kuchaji kwa waya wa simu zinauzwa kwenye maduka ya vipuri na zinatosha, mradi uifunge kwenye bomba la kiti ikitazama nyuma moja kwa moja, si angani wala ardhini. Taa nyeupe ikae mbele peke yake na nyekundu nyuma peke yake. Kuna vijana wanafunga taa nyekundu za kumetameta kwenye usukani kwa urembo. Dereva anayekuja mbele yako anadhani anakufuata, kumbe mnakutana.

Dinamo ya zamani, ile ya kusugua tairi, bado ni kifaa cha maana kwa sababu haina betri ya kuisha. Ina kasoro mbili: ukisimama inazima, na tairi likilowa kichwa chake kinateleza na taa inafifia. Kwa hiyo mwenye dinamo bado anahitaji reflekta nyekundu nyuma, ili akisimama kusubiri kuvuka pale Kabwe asipotee gizani.

Reflekta haitoi mwanga wake. Inarudisha ule wa gari, kwa hiyo ikiwa na tope ni plastiki tu. Ifute kila asubuhi kwa kidole. Mahali pazuri kuliko pote ni kwenye pedeli na kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu vinapanda na kushuka, na dereva akiona vimulimuli viwili vinavyopishana anajua mara moja kwamba yule ni mtu anakanyaga baiskeli, si nguzo wala mfuko wa rambo. Pedeli nyingi mpya zinakuja na reflekta za njano. Zako zikiwa zimeng'oka, gundisha utepe wa kuakisi kwenye pedeli na kwenye fremu.

Kizibao cha kuakisi kama cha bodaboda kinafaa, lakini kielewe. Rangi ya kijani kibichi au ya machungwa inayowaka ni ya mchana na ya ukungu, kwa sababu inafanya kazi kwa mwanga wa jua. Usiku rangi hiyo haikusaidii kitu, kinachokusaidia ni ile mistari ya kijivu. Kizibao kilichofuliwa mpaka mistari ikabanduka ni cha mchana tu. Na Juni ukivaa jaketi zito juu yake, hujavaa chochote.

Sasa jambo ambalo waendesha baiskeli wa mikoa yetu wanalisahau kuliko yote: mzigo. Gunia la mkaa au la viazi, madumu ya maziwa, mikungu ya ndizi kutoka Rungwe, vyote vinakaa kwenye karia na vinafunika taa, reflekta na mgongo wenye kizibao kwa pamoja. Nyuma unabaki weusi mtupu unaotembea. Tengeneza kipande cha mbao au plastiki chenye reflekta mbili na utepe wa kuakisi, kitoboe matundu, na kila ukipakia kifunge kwa mpira kwenye mzigo wenyewe, upande wa nyuma. Mzigo ukitoka pembeni kupita upana wa usukani, weka kingine upande wa kulia, kwa kuwa sisi tunapita kushoto na magari yanatupita kulia. Fundi anaweza kukutengenezea kwa vipande alivyonavyo.

Hatua ya tatu: helmeti inayokaa

Kinachokulinda kwenye helmeti ya baiskeli si lile ganda la nje. Ni ile povu nyeupe ngumu ya ndani, sawa na inayopakiwa pembeni ya televisheni mpya. Ukianguka, povu inasagika ili kichwa kisisagike, na ikishasagika haijirudi. Maana yake helmeti iliyopata dhoruba moja kubwa imemaliza kazi, hata kama kwa nje haina mchubuko.

Ya mitumba inunue kwa macho. Ivunje? Hapana, ipinde kidogo kwa mikono miwili usikilize: ikilia au ikifunguka ufa ndani, irudishe mezani. Tafuta alama ya kiwango ndani yake: EN 1078 kwa za Ulaya, CPSC kwa za Marekani, SG kwa nyingi za Japani. Mara nyingi tarehe ya kutengenezwa imebandikwa hapo hapo. Ikikaribia miaka 10, iache.

Helmeti ya pikipiki ni nzito na ya moto kwa mtu anayekanyaga mlima, na anayeivaa hatimaye anaining'iniza kwenye usukani. Kofia ya ujenzi imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachokudondokea utosini, na haina mkanda wa kuibakiza kichwani ukianguka kwa ubavu. Isikupe imani ya bure.

Kuivaa: ikae mlalo, upande wa mbele ukiwa vidole viwili juu ya nyusi. Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio. Mkanda wa kidevu ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili. Tikisa kichwa kabla hujafunga. Ikihama, kaza gurudumu dogo la kisogoni au ongeza sponji. Asubuhi za baridi mtu anataka kuvaa mzula mzito chini yake, na hapo helmeti inapanda juu kama kofia ya sherehe. Vaa kitambaa chepesi kinachofunika masikio. Dada mwenye nywele za kusuka azifunge chini ya kisogo badala ya utosini, vinginevyo hata helmeti ya bei gani haitakaa.

Mikono, miguu na nguo

Glovu nilizidharau kwenye orodha za wenzetu wa nchi za baridi, lakini Juni na Julai hapa Mbeya, saa 12 asubuhi, vidole vinakufa ganzi kiasi cha kushindwa kukamata breki. Breki nzuri na vidole visivyofunga ni sawa na kutokuwa na breki. Glovu nyepesi za sufu zinatosha. Zenye ngozi kiganjani ni bora zaidi, maana mtu akianguka hutanguliza mikono.

Suruali pana ibanwe mguu wa kulia kwa kamba ya mpira, upande wa mnyororo, na kinga ya mnyororo irudishwe kama fundi aliitupa. Kitenge, kanga au sketi ndefu inahitaji wavu au plastiki pembeni ya gurudumu la nyuma. Hiyo hiyo inamlinda mtoto anayepakiwa kwenye karia, kwa sababu mguu wa mtoto unaingia kwenye spoku kwa kufumba na kufumbua, na kidonda chake kinachelewa sana kupona. Kama unampakia mtoto kila siku, fungisha na vikanyagio vya miguu. Viatu vya kufunga nyuma, si ndala. Koti la mvua la kujifunika mwili mzima lazima libanwe kiunoni, nalo lisifunike taa ya nyuma.

Miwani ya uwazi ni kwa ajili ya vumbi la Agosti hadi Oktoba, na zaidi ukipita kwenye michepuko ya ujenzi wa barabara. Punje moja ya mchanga jichoni huku lori likikupita ni hatari kubwa kuliko inavyosikika.

Kengele na kioo

Kengele ni ya watembea kwa miguu na baiskeli wenzako. Ifungwe karibu na kidole gumba ili usiachie breki kuipiga. Dereva wa lori hataisikia, kwa hiyo usiitegemee kwake, tegemea kumkwepa.

Kioo cha kutazama nyuma hakimo kwenye orodha ya Vienna, lakini kwa barabara yetu ningekiweka mbele ya glovu. Kioo cha pikipiki kinaweza kufungwa kwenye usukani kwa kibano, upande wa kulia. Kinakuonyesha kama lori lililo nyuma linapisha au halipishi, na kama halipishi uamue mapema kutoka kwenye lami kwa hiari yako badala ya kutolewa. Kabla ya kukunja kulia bado geuza kichwa. Kioo kina upande usioonekana, na bodaboda wanaishi humo.

Ukaguzi wa kila mara kabla ya kuondoka

Bonyeza matairi kwa gumba. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na mwenye pampu ya kipimo akifuate. Kamata breki zote mbili. Inua gurudumu la mbele ulizungushe kuona kama linayumba na kugusa raba. Tikisa usukani. Futa reflekta, washa taa ya nyuma uione kwa macho, piga kengele. Dakika mbili zinatosha ukishazoea.

Mfukoni au chini ya kiti uwe na viraka, solusheni, kipande cha msasa, spana ya nati za magurudumu na pampu ndogo. Baiskeli iliyopata pancha usiku katikati ya Nzovwe na Iyunga inamlazimisha mwenyewe kukokota gizani pembeni ya malori, ndiyo maana viraka nimevihesabu kuwa vifaa vya usalama. Weka pia karatasi yenye namba ya simu ya mtu wa nyumbani, kwa sababu simu yenye nywila haimsaidii msamaria aliyekuokota.

Ukifika Mwanjelwa sokoni, chomoa taa zote mbili uingie nazo. Helmeti ipitishie mnyororo wa kufuli kwenye mkanda wake au itundike begani, maana ukirudi ukute baiskeli ipo na taa hazipo, safari ya kurudi saa moja jioni utaifanya bila hatua ya pili yote.